Kutoka Section 58 hadi Fort Ternan: siku moja kazini na Guka

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko stejini Kaptembwo, kofia imevutwa hadi masikioni, maana baridi ya Nakuru ya saa hizo haina adabu. Makanga wa laini hii wananijua. Nilikuwa mwenzao kabla sijaenda kusomea kozi ya kuhudumia wazee, na hadi leo hawajanisamehe. "Bro, uliacha kuita abiria ukaenda kumbadilisha mzee nepi?" Ndiyo, niliacha. Nalipa nauli kama mtu mwingine yeyote, nashuka mjini, nachukua boda hadi mtaa wa Section 58.

Mzee ninayemhudumia nitamwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, kama anavyoitwa pale nyumbani, ingawa mimi ni Mluhya na yeye si babu yangu kwa damu. Amepita miaka themanini. Alikuwa gadi wa treni, yule mwenye filimbi na bendera kwenye behewa la nyuma. Aliingia kazini enzi za reli moja ya Afrika Mashariki nzima, Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, akabaki na Kenya Railways mpaka akastaafu. Daktari alisema ana dimensia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na akili, tena ya mchanganyiko. Kuna Alzheimer, ambayo ndiyo chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya visa vya dimensia duniani, na kuna ile inayoletwa na mishipa ya damu ya ubongo, kwa sababu presha yake ilikaa muda mrefu bila kutibiwa na kiharusi kidogo kikampitia. Kabla ya hapo familia ilikuwa ikisema tu "ni uzee". Si uzee. Wako wazee wa miaka tisini wanaokumbuka nani aliwakopa mbuzi na lini.

Saa kumi na mbili na nusu napokea zamu kutoka kwa bintiye, ambaye ni mwalimu na sote humwita Mwalimu. Ananiambia usiku ulikwendaje, kisha anakimbia shuleni. Nafungua daftari langu: alikula nini, alikunywa maji kiasi gani, haja ndogo, haja kubwa, alikuwa na hali gani. Wageni wakiona ukurasa wa haja kubwa hucheka. Wacheke. Ugonjwa huu hushuka polepole, miezi na miaka. Mzee akibadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili, akachanganyikiwa kuliko kawaida au akaanza kuona watu wasiokuwepo, kitu cha kwanza kutafuta ni maambukizi ya njia ya mkojo, kufunga choo, upungufu wa maji au maumivu asiyoweza kuyataja. Hayo yanatibika. Lakini utayajuaje kama hukuandika?

Saa moja ni kuoga. Neno "tuoge" halitamkwi katika nyumba hii kwa sababu jibu lake ni "nimeoga". Namwambia maji ya moto yako tayari, nampa sponji aishike mwenyewe, namfunika taulo mabegani ili asihisi uchi na baridi kwa pamoja, na kila ninachotaka kufanya nakitaja kabla mkono wangu haujafika. Kioo cha bafuni kimefunikwa leso. Ndani yake huwa kuna mzee fulani mkali asiyemjua, na walishawahi kutishiana. Mkeka mweusi wa mlangoni pia tuliuondoa, maana yeye aliuona kama shimo na akagoma kabisa kuuvuka.

Uji, dawa ya presha, yai kwenye sahani ya buluu (kwenye sahani nyeupe chakula cheupe kinampotea), kutembea hadi steji ya boda na kurudi, kuota jua. Vijana wa boda wanamjua, na mfukoni ana kadi yenye jina lake na simu ya Mwalimu. Hadi saa tano na nusu siku ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilianza kuiogopa.

Ndipo honi ikalia getini.

Alikuwa mwanawe wa Nairobi, katokea Eldoret kikazi, amembeba shangazi mmoja wa ukoo. Hawakupiga simu. Ni mtu mzuri, nisimseme vibaya: ndiye anayelipa sehemu kubwa ya mshahara wangu, na hailipi kwa kuchelewa. Lakini aliingia sebuleni kwa sauti ya mtu anayefungua mkutano, akasimama mbele ya kiti cha Guka na kusema, "Baba! Unanijua mimi?"

Guka akatabasamu. Nalijua tabasamu hilo. Ni la muungwana aliyekutana na mtu njiani, hamkumbuki, na hataki kumwaibisha. "Karibu, karibu sana," akasema. "Habari za safari?"

"Nzuri. Lakini mimi ni nani?"

"Wewe ni wa nyumbani."

Jibu safi kabisa. Mimi nikiwa kwenye mtihani kama huo sidhani ningefika mbali hivyo. Bosi hakuridhika. Akataka jina. Akauliza leo ni siku gani. Akauliza rais ni nani, akauliza amekula nini asubuhi. Kila swali liliporudi tupu, niliona mikono ya Guka ikianza kusugua magoti. Nikaleta chai ili nikate mambo. Nikasema, "Guka, huyu ni kijana wako, ametoka Eldoret, amepitia kukusalimia." Guka akashusha pumzi: "Eeh, Eldoret! Timboroa kulikuwa na baridi?" Hapo mlango ulikuwa umefunguka. Mtu angeingia tu na stori ya baridi ya Timboroa wakaongea hadi chakula cha mchana, maana reli ile anaijua yote. Sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya ndiyo iliyoumia kwanza. Ya zamani bado yamekaa, mengine yakiwa mazima kabisa.

Bosi hakuingia. Guka alipouliza, "Mama yenu yuko wapi? Hajawaletea chakula?" yeye akavuta kiti karibu, akamshika mkono, na kwa upole wote akamwambia, "Baba, Mama alikufa. Wewe mwenyewe ulikuwa kwenye mazishi."

Nataka msomaji aelewe kilichotokea. Kwa mwanawe ilikuwa ni kumkumbusha. Kwa Guka ilikuwa ni habari mpya. Mke wake alikufa saa sita na dakika kadhaa mchana huo, pale sebuleni, na watu walikuwa wanakunywa chai. Alilia kama mtu anavyolia siku ya kwanza, akauliza nani amewaambia watoto.

Shangazi akaanza kuomba. Mimi nikapiga magoti mbele ya Guka nikamshika mabega na sikusema lolote kwa muda, kwa sababu hakukuwa na la kusema. Baadaye jikoni bosi akaniambia kwa sauti ya chini, "Nyinyi mnamzoesha kudanganywa. Mimi sitamdanganya baba yangu."

Nikamjibu, kwa heshima, kwamba mimi pia simdanganyi. Akiuliza mkewe yuko wapi, mimi humuuliza, "Guka, huyo mama anapika nini vizuri?" Ataniambia habari za mukimo, za nyumba za reli walikoanza maisha, jinsi alivyokuwa akimsikia mkewe akipanda ngazi akajua amekasirika. Sijasema yuko hai, sijasema amekufa. Anachotafuta si cheti cha kifo. Anamtaka yeye, na kumzungumzia ni njia ya kumpata kidogo. Ukimwambia amekufa, baada ya nusu saa maneno yatakuwa yametoka kichwani, lakini ule uchungu utabaki mwilini, na hatajua umetoka wapi.

Bosi akanyamaza. Akaangalia simu. Akauliza kama hakuna dawa ya kumtuliza, ya usingizi. Nikamwambia daktari alitukataza kuzikimbilia. Dawa nzito za kutuliza akili huongeza hatari ya kiharusi na hata kifo kwa wazee wenye dimensia, na za usingizi humfanya aanguke. Hakuna ya kuponya ugonjwa wenyewe. Zipo za kusaidia kumbukumbu kidogo kwa muda kwa baadhi ya watu, basi.

Shangazi naye alikuwa na yake. Kuna mtu amemchezea mzee, alisema, na dawa zisimamishwe kwanza apelekwe kwenye maombi. Kwa maombi sina neno, mimi mwenyewe naimba kwaya. Lakini dawa ya presha haisimamishwi mikononi mwangu, na hilo la "kuchezewa" nilimwomba asilirudie mbele ya majirani. Oktoba 2021 huko Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa madai ya uchawi. Sisemi walikuwa na dimensia. Nasema mzee anayetoka nje saa nane usiku, akabisha mlango wa jirani akidhani ni wake, hapaswi kuwa na mtu anayepanda neno kama hilo mtaani kwake.

Saa nane wakaondoka ili wawahi kabla magari hayajajaa Gilgil. Waliacha tufaha ambazo Guka hawezi kuzitafuna, na noti kwa ajili yangu, ambayo niliipokea.

Kuanzia hapo sikuangalia saa tena. Jua likielekea jioni wagonjwa wengi huchafuka: mwili umechoka, saa ya ndani imeharibika, vivuli vimerefuka na kila kivuli ni mtu. Siku ya kawaida huwa tunavuka. Siku yenye msiba ni nyingine. Guka alizunguka nyumba akifungua kabati, akitafuta kitu ambacho hakikuwa na jina. Akajilowesha, akaona aibu, nikamwambia chai imemwagika tubadilishe suruali. Nilipoinama kumvua kiatu kiwiko chake kikanipata kwenye shavu. Hakukusudia. Shavu halikujua hivyo. Nikawasha taa zote mapema, nikafunga mapazia, nikazima runinga iliyokuwa ikionyesha watu wakipigana risasi. Akafika getini akaanza kulitikisa kwa mikono miwili, mzee wa umri ule, na nguvu sijui anazitoa wapi. Treni ya Kisumu inaondoka, anasema. Abiria wameshapanda. Nani amefunga hapa?

Nilikuwa nimechoka hadi nikataka kukaa chini kwenye vumbi. Shirika la Afya Duniani linasema jamaa wanaohudumia watu wenye dimensia hutumia wastani wa saa tano kwa siku. Saa tano! Wengi wao hawalipwi. Watu milioni 57 walikuwa na hali hii mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 60 wako katika nchi za kipato kama chetu, ambako mtu wa kutwa kama mimi ni anasa. Kwetu Kaptembwo namjua mama anayemfungia mamake chumbani akienda kuuza mboga. Simlaumu. Elfu mbili kwa mwezi za Inua Jamii, posho ya serikali kwa wazee, haziwezi kumlipa mtu wa kukaa naye hata wiki.

Basi nikafanya lile ninalolijua tangu zamani. Nikasimama kando ya Guka, nikaweka mkono mdomoni nikaita kama niko mlangoni mwa matatu: "Njoro! Njoro, Njoro!"

Akageuka.

Tukaanza kuzunguka uwanja. "Elburgon!" nikaita. "Molo!"

"Umeruka Turi," akaniambia kwa ukali. "Utaacha watu."

"Samahani, gadi. Turi! Molo! Mau Summit!" Londiani akaita mwenyewe. Kipkelion yeye anaiita Lumbwa, jina la zamani, na mimi siwezi kubishana na mtu aliyekuwepo. Tukashuka naye mabonde yale yote huku tukizunguka tangi la maji, mguu wake ukipata mwendo, mabega yakilegea. Fort Ternan huwa tunasimama kunywa chai. Hiyo ni sheria yake, sikuiweka mimi. Tukaketi barazani, nikampa kikombe nusu, na katikati ya kikombe akaniuliza kama mimi ni makanga au ni gadi. Nikamwambia nilikuwa makanga. Akanitazama juu mpaka chini. "Ni kazi ile ile," akasema, "ila nyinyi mna kelele." Wenzangu wa steji wangelisikia hilo.

Hatukufika Muhoroni. Alikula wali na ndengu, akauliza mara moja tu kuhusu mkewe, tukaongea mukimo.

Mwalimu alirudi giza limeshaingia. Alinikuta nimekaa na barafu shavuni, akaelewa kabla sijafungua daftari. Tuliandika ujumbe pamoja pale jikoni, yeye akitaja na mimi nikibonyeza, tukautuma kwenye kundi la WhatsApp la familia: pigeni simu kabla ya kuja; ukifika taja jina lako na wewe ni nani kwake, usimuulize; mje wawili, si sita; zungumzeni reli; habari ya Mama msimwambie tena; dawa haziguswi.

Nilipofika mjini kutafuta gari la Kaptembwo majibu yalikuwa yameingia. Bosi aliandika "Sawa," kisha baada ya dakika chache, "Turi iko kabla ya Molo ama baada?" Shangazi alituma sauti ya maombi ya dakika nne. Mwalimu aliniandikia pembeni kwamba nepi zimebaki mbili, nipitie supamaketi kesho kabla ya kuingia, risiti nisisahau.