Stima ikirudi ndo uogope

Sisi wa Walukuba hapa Jinja tuna kichekesho chetu. Bwawa la Owen Falls linatoa umeme tangu 1954, ukichukua boda hata hujachoka kukaa umeshafika, na bado wingu likinguruma kule ziwani tunaanza kutafutana kwa tochi za simu. Kampuni ya zamani ya stima, Umeme, ilimaliza mkataba wake tarehe 31 mwezi wa tatu 2025 ikaja ya serikali, UEDCL, lakini mdomoni ni jina lilelile la zamani, na mti wa mwembe ukiangukia waya hauulizi mwenye waya ni nani.

Sasa mwezi wa nne, usiku, upepo ukapiga mabati mpaka watoto wakaingia kitandani kwangu wote, taa puu, giza. Tukalala. Kama saa tisa hivi stima ikarudi, ikakatika, ikarudi tena kwa nguvu, balbu ya sebuleni ikawaka nyeupe kama moto wa kuwelidi, friji ikasema "tik" na haikusema tena neno mpaka leo. Fundi akaja akainusa tu, akaniambia mama, kompresa imeungua. Yaani dhoruba yote ile friji ilikuwa salama, imekuja kuuawa na stima yenyewe!

Alinieleza vizuri nami nawapa bure. Vitu vya nyumbani vinataka volti kama 240, lakini laini ikirudi baada ya dhoruba inapandapanda na kushukashuka kabla haijatulia. Halafu kompresa ikizimwa inahitaji dakika kadhaa presha ya gesi ndani ishuke, ukiiwasha papo hapo inasukuma ukuta. Kwa hiyo ikikatika chomoa plagi zote, acha balbu moja tu ikwambie stima imerudi, na ikirudi ngoja dakika kumi. Au nunua fridge guard, ile ya kuchomeka ukutani, inasubiri yenyewe dakika chache ndo ipitishe moto. Na usinidanganye eti una brekere, brekere inakata waya ukizidiwa mzigo au zikigusana, radi haingoji brekere ishtuke.

Kwa radi dawa ni kuchomoa mapema, na waya wa dishi pia nyuma ya dikoda, watu wanausahau huo. Mapema maana yake mapema, sio radi iko juu ya paa na wewe mkono uko kwenye soketi. Ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, gawa kwa tatu, hizo ndo kilomita. Sekunde zikiwa chini ya thelathini ingia ndani, na usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Bibi yangu alikuwa anafunika vioo na kutuvua nguo nyekundu, basi, tulimheshimu, lakini radi haijali rangi. Inayotuua huku ni kujibanza chini ya mti au kwenye jengo lisilo na kinga ya radi. Mwaka 2011 kule Kiryandongo watoto 18 wa shule ya msingi Runyanya walikufa kwa radi wakiwa darasani, na 2024 watu 14 wakafa Palabek kwenye kambi ya wakimbizi, walikuwa wamekusanyika kusali.

Sasa kitu kinachoniogopesha kuliko vyote, sigiri, jiko la makaa. Mvua inapiga veranda, stima hakuna, baridi, mtu anaona aiingize sigiri ndani apike huku wanaota moto, na mlango anafunga kwa sababu ya upepo. Shangazi yangu alifanya hivyo usiku uleule. Mimi nikasikia kichwa kinagonga, mtoto mdogo amelegea nikadhani ni usingizi, nikafungua mlango mvua ikaingia mpaka kwenye makochi, shangazi akanisema wiki nzima. Ule moshi usioonekana hauna harufu hata kidogo, unalala tu huamki. Jenereta ni hivyohivyo, iwe nje mbali na madirisha, sio kwenye korido. Na tafadhali usiichomeke kwenye soketi ya ukuta iwashe nyumba nzima bila chenjiova, ile swichi ya kubadilisha kati ya stima na jenereta, moto unarudi nyuma mpaka kwenye transfoma, unapanda volti, unamkuta fundi juu ya nguzo anajua laini imekufa.

Mengine ni ya kawaida. Jaza madumu mawingu yakianza kukusanyika maana pampu za maji nazo zinakula stima, token za Yaka, mita yetu ya kulipia kwanza, nunua kabla, na weka keshi kidogo kwa sababu mnara wa simu ukizima hiyo mobile money ni namba tu. Taa ya sola ianikwe kila siku sio siku ya dhoruba. Mshumaa na tadooba, kibatari cha mafuta ya taa, mimi nimeviacha kabisa, neti ya mbu inashika haraka kuliko unavyofikiri. Friji usiifungue fungue, ikifungwa inashika baridi kama masaa manne, friza ikijaa inafika siku mbili, samaki wakianza kulegea wakaange leoleo. Mwenye mgonjwa wa sukari amuulize mfamasia insulini yake inakaaje nje ya friji, aulize leo kukiwa na mwanga.

Na asubuhi kabla watoto hawajaenda shule toka wewe kwanza uangalie njia. Waya uko chini, au umelala kwenye dimbwi, hesabu waya hauna stima? Hapana, hesabu waya una stima, kaa mbali mita kumi, zuia watu, piga simu kwa watu wa stima.

Juzi ikakatika tena, saa mbili usiku, mpira unaendelea. Ikarudi, mdogo wangu akaruka kwenda kuchomeka tivii, akamkuta shangazi, yuleyule wa sigiri, amesimama mbele ya soketi na mwiko mkononi. "Dakika kumi bado!" Goli lilifungwa hapohapo, tukalisikia kwa jirani.