Hatutaketi Mpaka Aje

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimechelewa kuwaandikia. Kwa kawaida Alhamisi jioni huwa nimeshamaliza, lakini safari hii nilikaa na daftari mpaka umeme ukakatika, na yale niliyokuwa nimeandika nikayachana. Zilikuwa shukrani tupu. Sababu za kushukuru tunazo, tena nyingi, ila kila nilipoyasoma maneno yangu niliona yanakwepa kitu, kama mtu anayefagia chumba na kuiacha pembe moja kwa sababu anajua kilichomo.

Basi nianze na hizo shukrani, maana ni za kweli. Wengi wenu mlikuwepo Ijumaa iliyopita shule ilipofunga muhula wa kwanza. Mvua ya masika ilitusubiri mpaka mgeni rasmi alipomaliza kusema, na hilo peke yake ni la kumshukuru Mungu. Mliisikia kwaya ya watoto waliorudi na cheti kutoka mashindano ya wilaya. Mlimwona yule binti wa darasa la sita anayekimbia mita 1,500 peku, aliyechaguliwa timu ya wilaya. Wenzake wanamwita Chemutai, kwa ajili ya Peruth Chemutai aliyeshinda mbio za kuruka viunzi na maji kule Tokyo mwaka 2021 na kuwa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki. Maharage ya shamba la shule yamekubali, na watoto wa madarasa ya chini wamekunywa uji muhula mzima bila kukosa.

Halafu yule mtoto wa darasa la nne aliyesimama akasoma Zaburi ya 23 kwa Kiswahili bila kukwama hata neno moja! Sisi tunaoabudu kwa Kiswahili hapa Busia, upande wa Uganda, tumeambiwa miaka mingi kwamba hii ni lugha ya askari na wezi. Serikali ilipoamua Julai 2022 kwamba kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, wengi walicheka. Mimi Ijumaa nilitoa leso.

Mwalimu mkuu akasoma ratiba ya mwaka. Muhula wa pili, mitihani ya majaribio. Oktoba, siku ya maombi ya watahiniwa, ambayo kanisa letu limeombwa kuiongoza. Novemba, mtihani wa PLE wenyewe, ule wa kumaliza shule ya msingi, siku mbili, karatasi nne. Kisha mahafali ya chekechea, na karamu ya kuwaaga darasa la saba, ambayo kina mama wameshaanza kuichangia. Tukapiga makofi.

Ndipo akawaita watahiniwa wa darasa la saba wasimame mbele, wazazi wawaone. Wakapanga mstari. Akawahesabu kwa sauti, akafika thelathini na wanane, akasema, "Hawa ndio watoto wetu." Watu wakashangilia, soda zikafunguliwa, tukaketi kula.

Wapendwa, mimi ni katibu wa kamati ya wazazi. Nilijua kwamba darasa lile mwezi wa pili lilikuwa na watoto arobaini na wanne. Orodha ya wale sita wengine niliiandika mimi, kwa mkono wangu huu.

Niwaeleze ilivyokuwa, kwa sababu baadhi yenu mnajua nusu na wengine hamjui kabisa. Usajili wa watahiniwa kwa UNEB, baraza la mitihani la taifa, ulipokaribia, tulikutana jioni moja mwezi wa tatu. Matokeo ya mwaka jana hayakutupendeza. Shule jirani ilikuwa imetundika bango barabarani lenye picha za watoto waliopata jumla ya 4, ambayo ndiyo alama bora kuliko zote, na wazazi walikuwa wameanza kuhamisha watoto. Mtu mmoja akasema tuangalie walio dhaifu, warudie darasa la sita, wasije wakatushusha. Tukatafuta maneno mazuri ya kulisema jambo hilo. Tuliandika kwenye kumbukumbu, "kuwapa muda wa kukomaa." Nani aliyetafuta maneno hayo? Mimi. Nilikuwa nimechoka, nilitaka kikao kiishe, na mwanangu hakuwa kwenye orodha. Nikatia sahihi.

Jumatatu hii nilipita sokoni kununua mukene, dagaa wa ziwani. Mama anayeniuzia ni mama wa mmoja wa wale sita. Akanipimia kikombe, akaongeza kidogo juu kama kawaida yake, halafu akasema kwa upole kabisa, "Mzee, nilisikia ngoma Ijumaa. Zilifika mpaka hapa." Nikajibu ndiyo, ilikuwa siku njema. Akauliza, "Na mwanangu, kuna mtu alimtaja?"

Sikuwa na jibu. Nililipa nikaondoka, na mukene ule sikuweza kuula.

Jumatano nikapanda boda mpaka Tiira. Wote mnaijua Tiira na machimbo yake. Kijana wa yule mama alikuwa na mjomba wake, ndani ya tope mpaka magotini, anasafisha udongo uliosagwa juu ya gunia ili dhahabu inase. Hatua chache kutoka pale mtu mmoja alikuwa anachanganya zebaki kwa mikono mitupu ndani ya beseni. Kijana aliponiona akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu," kwa sababu nilimfundisha Shule ya Jumapili. Hakunung'unika. Alisema walipomwambia arudi darasa la sita aliona haya kukaa na wadogo zake, akakaa nyumbani wiki moja, kisha mjomba akamwita. Tukaongea juu ya mvua. Nilipokuwa naondoka akaniuliza, "Mwalimu, dawati langu sasa anakaa nani?"

Huyu mtoto alikuwa darasa la pili shule zilipofungwa Machi 2020. Zilipofunguliwa tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili baadaye, alikuwa amesahau hata kusoma jina lake, na akapandishwa darasa pamoja na wenzake wote. Tangu siku ile amekuwa akikimbilia basi lililokwisha ondoka. Sisi tukamwona mzito wa akili.

Usiku ule nilifungua 1 Samweli 16, mlango ambao nimeuhubiri, nadhani, mara kumi. Huwa tunakimbilia ule mstari tunaoupenda, kwamba Bwana haangalii kama binadamu aangaliavyo. Safari hii nilishikwa mapema na Samweli mwenyewe. Nabii mzima, pembe ya mafuta mkononi, anamwona Eliabu na urefu wake, na moyoni anasema ndiye huyu. Hata Samweli alitazama bango la barabarani! Bwana akamkataza. Wakapita wana saba wa Yese, mmoja mmoja, na kila mmoja akakataliwa.

Ndipo Samweli akauliza kama watoto wote wapo. Sikilizeni jibu la baba. Hamtaji mtoto wake kwa jina. Anasema amesalia mdogo wao, anachunga kondoo. Jina la Daudi halisikiki katika habari ile mpaka mafuta yanapomwagwa kichwani pake. Baba mzazi alialikwa kwenye siku kubwa, akawapanga wanawe mstari mbele ya mgeni rasmi, na hesabu ikamtosha bila yule mmoja.

Naye Samweli akasema neno ambalo miaka yote hii nimelipita bila kusimama: tumeni watu wamlete, "kwa maana hatutaketi hata atakapokuja huku."

Hatutaketi.

Ndama wa sadaka yupo, wazee wa Bethlehemu wamekuja, Yese amejiandaa, na watu bila shaka wana njaa. Mtumishi wa Mungu anawaweka wote wima, mpaka mtoto mmoja anayenuka kondoo afike kutoka malishoni. Hakusema tuanze, atatukuta. Hakusema tumwekee chakula chake. Sherehe nzima ilisimama kwa miguu yake ikimngoja mtoto ambaye hakuna aliyemkosa.

Sisi Ijumaa tuliketi, wapendwa. Tuliketi upesi sana. Nami nilikuwa mstari wa mbele, sahani imejaa.

Sasa niruhusuni niseme na ninyi kama mzee wenu, baada ya kujihukumu mwenyewe kwanza. Kila Oktoba tunawaleta watahiniwa mbele ya madhabahu. Tunaombea kalamu zao, tunawawekea mikono, wengine tunalia. Je, kuna siku hata moja tuliyouliza nani hayupo katika ule mstari? Tunawaombea waliofika salama, tena waliofika kwa sababu tuliwapunguza wenzao. Nilipoliona hilo, maombi yale niliyokuwa nimeanza kuyaandaa kwa ajili ya Oktoba yalinikauka mdomoni. Nitasimamaje mbele za Mungu kuombea thelathini na wanane, nami najua wale sita nimewafanya nini?

Na ninyi wazazi. Kuna mama aliyemvuta mwanawe sikio Ijumaa, mbele ya watu, kwa sababu hakuitwa kupokea zawadi. Kuna baba aliyesema kwa sauti, "Mtoto wa jirani anakula nini ambacho wewe huli?" Mtoto akatazama chini. Ndugu yangu, wewe hujalipa mchango wa chakula cha mchana tangu Februari. Mwanao anakaa na hesabu za saa nane akiwa na njaa, halafu unamlinganisha na aliyeshiba. Acha. Nakuomba kwa jina la Bwana, acha. Ripoti ile uliyoikunja kwa hasira ikunjue tena, usome mpaka chini palipo na maneno ya mwalimu wa darasa. Mmoja wenu nilisoma ripoti ya binti yake, nambari yake ilikuwa ya thelathini na moja, na mwalimu alikuwa ameandika kwamba huwasaidia wenzake wasioona vizuri ubaoni. Baba yake hakuwa amefika hapo.

Walimu siwezi kuwagombeza sana. Mwalimu mwenye watoto themanini chumba kimoja, anayepimwa kwa idadi ya daraja la kwanza, naye ana bango lake shingoni. Tuwaombee, na tuwaunge mkono wakitaka kufanya lililo haki.

Msielewe kwamba nadharau waliofanya vizuri. Yule binti wa mbio na akimbie hata afike mbali kuliko tunavyoweza kuota. Kwaya na iimbe. Hata Eliabu alikuwa mwana wa nyumba ile ile, na alikaa kwenye karamu ile ile. Ila Bwana alikuwa na mafuta ya mtu aliyeko porini, na Samweli angeketi upesi kama mimi, pembe ile ingerudi Rama ikiwa imejaa.

Mtu ataniambia, mzee, si kila mchunga kondoo ni Daudi. Ni kweli. Huenda kijana wa Tiira akakaa mtihani akapata daraja la nne. Huenda akashindwa kabisa. Ashindwe basi akiwa ameketi kwenye dawati lake, na jina lake likiwa kwenye orodha, na sisi tumesimama naye. Bwana hakutupa watoto hawa ili tuchague watakaotupendezesha Januari matokeo yakitoka.

Nimemwomba mwenyekiti aitishe kamati, naye amekubali. Tunakutana Jumanne saa nane mchana. Usajili haujafungwa. Nitasoma mbele yao yale maneno niliyoandika mwezi wa tatu, niseme kwamba ni yangu, na niombe yafutwe. Kama kutatokea gharama za majina sita kwa sababu ya kuchelewa, mbuzi wangu mmoja nimeshamtolea mnunuzi. Walimu wawili wamejitolea kuwafundisha wale sita wakati wa likizo hii kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, jioni, bure. Wanahitaji taa, chaki, na mtu wa kuwapikia posho, yaani ugali. Kina mama, hilo naliacha mikononi mwenu.

Kijana wa Tiira nimeongea na mjomba wake kwa simu jana. Alikuwa mkali mwanzoni, akauliza shule italipa nini badala ya kazi anayoifanya mtoto. Kisha akanyamaza, akasema nije Jumamosi tuongee uso kwa uso. Mama yake atakuja nami. Wawili wengine wako nyumbani, mmoja amerudia darasa la sita na anataka kuendelea huko, wa tano yuko kwa bibi yake Tororo. Wa sita ni msichana. Amevuka mpaka, anafanya kazi za nyumbani kwa watu Busia ya ng'ambo, na nilichonacho ni nambari ya simu ya shangazi yake ambayo haipokelewi. Anayevuka kwenda soko la upande ule siku ya Jumapili, tafadhali anione kabla ya ibada. Nitakuwa mlangoni.