Abruzzo, milima ya wachungaji wa kondoo

Wasafiri wengi wanaokwenda Italia kwa ajili ya milima huelekea kaskazini, kwenye Alpi, na uzuri wa huko haubishaniwi. Hata hivyo, mkoa ninaoupenda kuliko yote ni Abruzzo, ulio mashariki ya Roma, kwa sababu huko mandhari na maisha ya watu ni vigumu kuvitenganisha.

Kilele chake kikuu ni Corno Grande, katika safu ya Gran Sasso, chenye mita 2,912, kirefu kuliko vyote katika milima ya Apenini. Ubavuni mwake ipo Calderone, barafu ya kudumu ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa ya kusini kabisa barani Ulaya, na ambayo joto la miongo hii limeikata vipande na kuikondesha. Inasikitisha kuitazama. Chini ya kilele hicho umetandazwa Campo Imperatore, uwanda mpana wa nyasi ulioinuka takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, ambako jicho husafiri mbali bila kukutana na mti.

Uwanda huo ulikuwa malisho ya kiangazi. Kila vuli, kabla theluji haijaanguka, wachungaji waliteremsha kondoo wao hadi tambarare za Puglia, mkoa ulio kusini-mashariki ya Italia, wakipita katika njia pana za nyasi ziitwazo tratturi. Ile ya kutoka L'Aquila, mji mkuu wa Abruzzo, hadi Foggia huko Puglia ina urefu wa kilomita 244, na upana wake rasmi ulikuwa mita 111. Mnamo 1447 Mfalme Alfonso wa Napoli aliunda idara maalumu ya kutoza ushuru wa kondoo hao, jambo linaloonyesha jinsi mifugo ilivyokuwa mhimili wa uchumi.

Sufu ndiyo iliyovitajirisha vijiji vya mawe vya huko. Santo Stefano di Sessanio kiliingia mikononi mwa familia ya Medici, watawala wa Firenze, mwaka 1579, na nembo yao bado imechongwa juu ya lango. Mnara wa kijiji hicho uliporomoka katika tetemeko la ardhi la tarehe 6 Aprili 2009, lililoua watu 309 katika L'Aquila na vijiji vya jirani, kisha ukajengwa upya. Jirani yake, kwenye kilima chenye mita 1,460, imesimama ngome ya Rocca Calascio. Ningemshauri mgeni apande huko jua linapokaribia kuzama, wakati mawe yake meupe yanapogeuka rangi ya asali.

Urithi wa wachungaji umebaki hata mezani. Arrosticini ni mishikaki ya nyama ya kondoo iliyokatwa vipande vidogo sana, ikapangwa kwa ukaribu juu ya jiko jembamba la makaa lenye umbo la mfereji, vijiti vikining'inia nje ya ukingo ili visiungue. Hutiwa chumvi tu, na huliwa ikiwa moto, kwa kung'ata na kuvuta kijiti.

Mwenye hamu ya wanyama ashuke kusini, kwenye hifadhi ya taifa ambako wamesalia dubu wa Marsica, wachache mno na walio hatarini kutoweka. Majira mazuri ya kuzuru uwanda wa juu ni kuanzia Juni hadi Septemba, kwani wakati wa baridi theluji huifunga barabara, na wageni hupanda kwa gari la kamba kutoka Fonte Cerreto.