Siku Moja Maishani Mwangu: Kuvuna Chipu Kwenye Bodi za Kompyuta Kuukuu

Saa mbili kasorobo asubuhi duka letu karibu na Barabara ya Digo huwa limeshafunguliwa, na mpwa wangu ninayemfunza kazi huwa ameshapangusa meza. Leo ilikuwa zamu ya kuvuna chipu. Naipenda kazi hii kuliko ukarabati wa aina yoyote, kwa sababu bodi iliyotupwa mara nyingi imeharibika mahali pamoja tu, ilhali chipu zake nyingine zingali nzima.

Tulianza kwa kuzitoa bodi zilizolala kwenye jiko dogo la umeme. Unyevu wa Mombasa hupenya ndani ya plastiki ya chipu, na chipu yenye unyevu ikipigwa joto la ghafla, maji hugeuka mvuke na kuipasua, pengine bila ufa wowote kuonekana kwa nje. Chipu iliyo peke yake huweza kukaushwa kwa nyuzi 125 za Selsiasi, lakini bodi nzima ina kapasita na viunganishi vya plastiki ambavyo sipendi kuvitesa hivyo, kwa hiyo huiweka chini ya nyuzi 100 usiku kucha. Jiko hilo halipikiwi chakula kamwe.

Saa tatu tulizitenga bodi kwa umri. Lehemu ya zamani, yenye bati asilimia 63 na risasi 37, huyeyuka kwenye nyuzi 183. Umoja wa Ulaya ulipozuia risasi katika vifaa vingi vya elektroniki kuanzia Julai 2006, watengenezaji wengi walihamia mchanganyiko wa bati, fedha na shaba, ambao huyeyuka kwenye takriban nyuzi 217. Fundi asiyejua bodi yake ni ya enzi gani ama ataiunguza, ama atang'oa chipu kabla lehemu haijalainika.

Saa nne aliingia mzee mmoja wa Kibokoni ambaye hutarizi shingo za kanzu kwa mashine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mashine yawaka, lakini mishono yaenda upande. Nimeambiwa bodi yake haiuzwi tena."

Ndani ya bodi aliyoileta mlikuwa na chipu ya kumbukumbu aina ya 27C512, yenye kidirisha cha kioo juu yake na kilobaiti 64 za programu. Karatasi ya kuziba kidirisha ilikuwa imebanduka. Chipu za namna hii hufutwa kwa miale ya urujuanimno (UV), isiyoonekana kwa macho, na hata jua la moja kwa moja likiipiga kwa muda wa wiki hivi laweza kuifuta. Niliisoma mara kadhaa, na kila mara yaliyomo yalitofautiana kidogo. Nikashusha umeme wa kuisomea kutoka volti 5 hadi 4 na ushei, kwa kuwa seli iliyopoteza sehemu ya chaji yake husomeka sawasawa zaidi umeme ukipungua, na hapo masomo yote yakalingana. Nikaihifadhi programu ile mara moja.

Ikabidi tupate chipu ya kuibeba, na kwenye kadi moja kuukuu palikuwa na aina ile ile, imelehemiwa kwa miguu yote 28. Hapa ndipo penye kazi. Nilipaka flaksi, dawa ya kuisaidia lehemu itiririke vizuri, nikaongeza lehemu mpya ya risasi kwenye kila mguu ili ile iliyochakaa iyeyuke kwa wepesi, kisha nikaifyonza kwa pampu, tundu moja baada ya jingine. Mguu wa 14, ambao ni wa hasi, ulikataa, kwa kuwa umeungwa na tandiko pana la shaba linalonyonya joto lote. Mpwa wangu alikwisha kushika bisibisi akitaka kuichokonoa.

"Ami, imebaki kidogo tu."

"Iache. Ikiwa tayari itacheza yenyewe."

Tukaipasha bodi joto kwa bloa ya hewa moto kutoka chini, nikarudia mguu ule, na chipu ikatoka kwa vidole, miguu ikiwa imenyooka. Ninaamini kwa dhati kwamba nguvu haina nafasi katika kazi hii. Anayevuta huvunja mguu au hubandua njia za shaba, na wapo wanaochoma bodi hadharani au kuzitia asidi ili wapate dhahabu kidogo, wakijitia sumu wao na watoto wa jirani.

Saa saba tulinawa mikono kwa sabuni, maana risasi huingia mwilini kwa kupitia chakula, tukaswali, tukala.

Saa nane niliiweka chipu chini ya taa ya urujuanimno, ndani ya kisanduku kilichofungwa ili miale isitupate machoni, kwa dakika 20. Nilipohakikisha ni tupu, niliiandika programu ya mzee kwa takriban volti 13, nikailinganisha na ile niliyohifadhi, kisha nikafunika kidirisha kwa karatasi ya fedha yenye gundi.

Saa kumi mzee alirudi na kijana wake wakiwa wameibeba mashine. Ilitarizi ua zima bila kupotoka. Aliniuliza kama chipu ya akiba inaweza kupatikana, nami nikamwahidi ya pili kutoka kwenye kadi iliyobaki, mradi ipite majaribio yale yale, kwa kuwa chipu nisiyoijaribu siiuzi.