Nyumba ya Katikati

Juzi binti yangu alirudi kutoka darasa la baada ya Magharibi akiwa na swali ambalo ustadhi wao amewaachia walifikirie nyumbani. Jahazi limo katikati ya bahari, limezidiwa, na abiria wote wataghariki isipokuwa mmoja wao atoswe majini ili wengine waokoke. Je, inajuzu kumtosa? Alisema kuwa jibu la vitabuni watapewa kesho yake, lakini alitaka kwanza kujua mimi ningesemaje. Sikuweza kumjibu papo hapo, kwa kuwa aliponiuliza sikuliona jahazi lolote. Niliuona moto wa Gadeni, mtaa wetu wa utotoni mjini Lamu, nikamwona na Bi Mkubwa amesimama mlangoni pake, ameshika pindo la leso.

Nilikuwa na umri wa kuweza kubeba ndoo nusu. Ulikuwa msimu wa kaskazi, mvua haikuwa imeonekana kwa muda mrefu, na makuti yalikuwa yamekauka hata yakiguswa yanavunjika. Moto ulianzia nyumba gani, na kama ulitokana na jiko au kandili, ni mabishano ya watu wazima ambayo sitayarudia. Linalostahili kuelezwa ni namna mtaa wenyewe ulivyokuwa. Mji wa mawe, ule ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, uko chini kuelekea baharini, na kuta zake nene za matumbawe haziogopi cheche. Sisi wa juu tulijenga kwa udongo na mawe, tukaezeka makuti ya viungo juu ya fito na boriti za mikoko, na nyumba zilisongamana hata ukingo wa paa moja ukagusana na ukingo wa paa la jirani. Gari la zimamoto halikuwako, na hata lingekuwako lisingepita katika vichochoro ambamo punda wawili waliobeba mchanga hupishana kwa shida. Tulikuwa na visima, mabirika ya misikiti, ndoo na mikono.

Nyumba ya Bi Mkubwa ilikuwa katikati, baina ya safu iliyokwisha kushika moto na safu yetu. Alikuwa mjane aliyeishi miaka mingi katika vyumba vya jamaa, leo kwa huyu, mwaka kesho kwa yule, akiyahamisha masanduku yake kila mwenye nyumba alipopata mgeni wa haki zaidi. Aliuza mikate ya mofa alfajiri, na kwa senti za mofa akanunua kiwanja kidogo, kisha kuta, kisha mlango, kila kitu kwa zamu yake. Paa lilikuwa limeezekwa upya muda si mrefu kabla ya moto, na rangi ya makuti ilikuwa bado haijafifia. Mbele ya mlango alipanda asumini, na bibi harusi wa mtaa wetu hakutolewa bila maua ya pale. Sikumwona akicheka sana, lakini nilimwona mara nyingi ameketi kizingitini jioni akiangalia watu wanaopita, na mtoto yeyote angeweza kutambua kwamba mtu yule amefika mahali alipokuwa akipataka.

Mzee wa mtaa alimwendea pale pale kizingitini. Nyuma yake walikuwako wanaume labda kumi, wengine mabaharia, wamekuja na kamba za jahazi, mashoka na nanga ndogo ya mashua, ile yenye makucha manne. Baba yangu alikuwa miongoni mwao, na ami yangu pia. Moto ulikuwa umebakiza nyumba chache, na vipande vya makuti vilivyowaka vilikuwa vikipeperuka juu ya vichwa vyetu vikielekea tulikotoka. Mzee hakupaza sauti. Alisema, na maneno haya niliyasikia kwa masikio yangu kwa kuwa nilikuwa nyuma yake na ndoo yangu: "Bi Mkubwa, moto waja. Tukiivunja yako, huenda za nyuma zikasalimika. Twakuomba radhi."

Bi Mkubwa alimtazama, kisha akageuka akautazama moto, kwa utulivu, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata. Mkononi alikuwa na chetezo, kitu pekee alichokuwa amewahi kukitoa ndani. Akarudisha macho kwa mzee, akaushusha upande wa leso aliokuwa ameuzibia mdomo kwa sababu ya moshi, akavuta pumzi ya mtu anayetaka kusema. Hapo hapo nanga ikarushwa. Ilipita juu yetu na kamba yake ikivuma, ikaangukia upande wa pili wa mgongo wa paa, ikanasa. Kile alichotaka kukisema hakikusemwa, wala hakuna aliyemwomba akiseme baadaye. Inawezekana alikuwa anataka kutoa radhi. Inawezekana pia alitaka kukataa, au kuomba muda wa kuingia mara moja tu kuchukua alichoweza kukichukua.

Wanaume waliishika kamba wakavuta kimya. Paa halikujibu, lilikuwa jipya na limefungwa vizuri. Ndipo mmoja wao, kwa mazoea ya mwili tu, alipouanza mwito unaoimbwa wakati jahazi linapovutwa pwani, na wengine wakaupokea, na sauti zile nilizokuwa nikizipenda kuliko sauti zote za utotoni mwangu zikawa ndizo zinazoangusha nyumba ya Bi Mkubwa. Kwa mvuto wa tatu au wa nne fito zilianza kulia, kisha upande mzima ukashuka, vumbi likafunika asumini, na watu wakaingia kwa mashoka kuburuta makuti mbali na moto. Mimi nilimwaga maji yangu juu ya rundo lile kama nilivyoagizwa. Bi Mkubwa hakulia wala hakusogea mpaka mama yangu alipokwenda kumshika mkono.

Moto ulifika nyumba iliyopakana na yake, na wakati ule ule upepo ukatulia. Kabla ya adhana ya alfajiri palikuwa na moshi tu. Hakuna aliyekufa, na safu yetu yote ilisalimika. Mpaka leo wapo wanaosema kuwa ni pengo lile lililouzuia moto, na wapo wanaosema kuwa ni upepo, na kwamba hata kama paa la Bi Mkubwa lingeachwa lisingeguswa. Nimewasikiliza wa pande zote mbili na sioni namna ya kuamua baina yao.

Yaliyofuata nitayasema upesi. Baada ya sala ya Ijumaa iliahidiwa kwamba kila nyumba iliyookoka itatoa makuti na siku za kazi. Baadhi walitoa. Alikuja afisa na daftari kuwaandika walioathirika, ili wapewe mahema, mablanketi na chakula, na jina la Bi Mkubwa halikuandikwa kwa hoja kwamba nyumba yake haikuungua. Ramadhani ikaingia, watu wakashughulika. Kisha ikaja kusi na mvua zake, na ukuta wa udongo usio na paa hauwezi mvua; kuta zile zilimomonyoka mbele ya macho yetu. Kabla ya kusi kwisha alihamia kijiji cha Matondoni kwa nduguye, akawa anasuka mikeka. Alirudi kwenye maisha ya chumba cha mtu mwingine, safari hii akiwa mzee zaidi.

Nilipokua nilisoma kwamba Mwingereza Jeremy Bentham, aliyefariki mwaka 1832, alitaka kila tendo lipimwe kwa jumla ya furaha na maumivu linayowaletea wote wanaoguswa nalo, bila mtu kupewa uzito kuliko mwenzake. Kwa kipimo hicho usiku wa Gadeni ni hesabu nyepesi: nyumba moja upande huu, safu nzima upande ule. Hesabu hiyo siwezi kuidharau, kwa sababu mimi na ndugu zangu tulilala usiku uliofuata chini ya paa letu, na dada yangu mdogo alikuwa mchanga. Najua thamani ya kilichookolewa.

Lakini swali la binti yangu lina historia ndefu kuliko Bentham, na wanazuoni walilishughulikia zamani. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliutaja mfano huo huo wa chombo kinachozama akakataa mtu atoswe, hata kwa kura, kwa sababu watakaookoka ni idadi ya watu fulani tu na si umma mzima. Aliweka masharti mazito kabla ya mmoja kutolewa kwa ajili ya wengi: iwe ni dharura hasa, iwe na yakini kwamba kutolewa kwake kutaokoa, na manufaa yawe ya wote. Kila ninapoyafikiri masharti hayo, lile la yakini hunisimamisha, kwa maana mzee wetu mwenyewe alisema "huenda".

Najua nitakavyojibiwa: nyumba si mtu. Ni kweli, na katika madhehebu ya Imamu Shafii tunayoyafuata huku pwani, shehena inaruhusiwa kutoswa ili roho ziokoke. Lakini madhehebu hayo hayo yanasema kwamba anayetosa mali ya mwenziwe bila idhini yake hubeba dhamana ya kuilipa. Ruhusa na deni vimewekwa pamoja. Mtaa wetu uliichukua ruhusa usiku mmoja, na deni ukaliacha likayeyushwa na mvua. Hilo ndilo linalonikera zaidi kuliko nanga, kwa sababu nanga ilirushwa na watu waliokuwa wanaogopa, ilhali deni liliachwa na watu waliokuwa wameketi.

Wala si jambo la mtaa mmoja. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu wastahili fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari mpya, na miongoni mwa kasoro ilizozitaja ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwezi wa Mei 2021 gati la kwanza likafunguliwa. Sisemi bandari isingejengwa. Nina wapwa wanaotafuta kazi na ninaitakia nchi yangu heri. Nasema kwamba kila ninaposikia barazani kuwa jambo fulani ni kwa faida ya wengi, humtafuta kwanza yule ambaye nyumba yake iko katikati, nikataka kujua kama aliulizwa, na kama aliyemuuliza alingoja jibu.

Baba alikuwa miongoni mwa wachache waliotoa makuti yote waliyoahidi. Nilimuuliza katika uzee wake kama ilikuwa haki kuvuta kamba kabla Bi Mkubwa hajafungua kinywa. Alifikiri kwa muda. "Moto haukuwa wa kungoja, mwanangu," akasema. "Lakini baada ya moto tulikuwa na wakati mwingi." Hakuongeza neno, na mimi sikumshurutisha.

Bi Mkubwa mwenyewe nilimwona mara moja tu baada ya kuhama, nilipokwenda Matondoni na ami yangu kwa shughuli ya mashua. Alinitambua kwa sura ya mama yangu. Alinikaribisha mkekani, akauliza kuhusu wazazi, kuhusu yule mtoto mchanga, na kuhusu nyumba yetu kama bado ni ya makuti. Nilimwambia kuwa sasa imeezekwa bati. "Alhamdulillahi," akasema, "bati halishiki moto." Nilimsikiliza kwa makini nipate kujua kama katika sauti yake kulikuwa na lawama, na sikuisikia, wala sikusikia msamaha.

Mimi bado naamini kuwa paa lile lilistahili kuvutwa. Ningekuwa mtu mzima usiku ule ningeishika kamba nyuma ya baba yangu. Hoja zangu nimezisema hapa, na ninaweza kuzisema msikitini, barazani na mbele ya binti yangu. Siku ile mkekani nilikuwa nazo zote, na mbele ya Bi Mkubwa sikuweza kuitoa hata moja. Sijui bado kama hiyo ilikuwa ni adabu tu ya mtoto kwa mkubwa, au ni kwamba hoja zenyewe zina upungufu ambao ni yeye peke yake angeweza kuuonyesha.