Si shoki, ni springi: nilivyoinua pua ya Corolla yangu

Tangu nitoe injini ya petroli kwenye Corolla 100 yangu na kuweka 2C, injini ya dizeli iliyo nzito zaidi, pua ya gari ililala. Taa zilimulika lami ya karibu, tairi za mbele zikaliwa upande wa ndani, na kila nikikanyaga breki gari lilipiga magoti. Fundi baada ya fundi akaniambia nibadilishe shoki. Nikabadilisha. Pua ikabaki palepale! Bado nasikia wenye magari Nairobi hii wakipewa ushauri huo, na inaniuma. Shoki kazi yake ni kutuliza mdundo. Uzito wa gari hubebwa na springi.

Fundi mwingine, wa jua kali, akasema dawa ni raba. Akakata vipande vya tairi kuukuu, akavishindilia katikati ya mizunguko ya springi. Gari likainuka, naye akachukua pesa yake. Kumbe mzunguko ukishaziba haufanyi kazi tena, na ile michache iliyobaki inakuwa migumu kama nondo. Kila tuta la Umoja lilinifikia kwenye meno. Kisha raba moja ikachomoka nikiwa Donholm, upande wa kushoto ukashuka, usukani ukaanza kuvuta.

Hapo nikawaza: Toyota wenyewe waliuza Corolla hii hii ikiwa na 2C, ile CE100. Basi springi za kubeba uzito huo walishazitengeneza. Nikaenda Grogan, kwa wauza vipuri wa Kirinyaga Road.

Pale springi zimelundikwa chini, zote nyeusi, na ukiuliza ya dizeli, yoyote utakayoshika ni ya dizeli. "Hii ndiyo yenyewe, bosi wangu, kutoka Japani." Sikubishana. Nilikuwa nimebeba veniya, kile kifaa cha kupimia unene. Nikakwangua uchafu na kutu, nikapima unene wa waya. Zangu za zamani zilisoma karibu milimita 12; nilitafuta 13. Milimita moja unaweza kuidharau, lakini ugumu wa springi hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wa waya, kwa hiyo upana na idadi ya mizunguko vikiwa sawa, 13 ni ngumu kuliko 12 kwa zaidi ya theluthi moja. Muuzaji alipoona nakataa jozi baada ya jozi, akaingia ndani akatoka na zenyewe. Elfu tano na kitu, baada ya kuvutana. Kagua ncha zake pia, maana nyufa huanzia huko.

Kufunga si kazi kubwa. Ila usikubali springi ibanwe kwa kamba au waya. Ikifyatuka inavunja taya. Tafuta vibano viwili vya skrubu, uviweke pande zinazokabiliana. Ncha ya chini lazima ikae kwenye kidato chake, la sivyo utasikia mlio kila ukikata kona. Badilisha pande zote mbili, kisha upeleke gari alaimenti, tairi zinyooshwe.

Nilikuwa nimepima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi kabla ya kuanza, maana kipimo hicho hakidanganywi na upepo wa tairi. Pua ilipanda upana wa vidole vitatu, kushoto sawa na kulia. Nimepita matuta ya Umoja nikiwa na abiria wanne na sampu, bakuli la oili chini ya injini, haijagusa chochote. Na kama umebadilisha injini, nambari yake irekebishwe mapema NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, usingoje siku ya kuuza gari.