Green Zone: muvi ya Iraki iliyonikumbusha Raskazone

Jana usiku nimeirudia Green Zone, ile ya 2010 ya Paul Greengrass, stelingi Matt Damon, na nasema wazi hii ndo muvi ya vita ninayoipenda kuliko zote. Yaani Miller, ndo Damon mwenyewe, na vijana wake wa jeshi la Marekani wanapewa karatasi inasema silaha za maangamizi zipo hapa, wanaenda, risasi zinawanyeshea, wakiingia ndani ghala tupu, halafu wanapewa karatasi nyingine. Anauliza kwenye kikao jamani hizi taarifa nani anazitoa? Anaambiwa we fanya kazi yako. Mi hapo damu inachemka kila nikiangalia.

Wahusika wa kutunga ila jambo lenyewe lilitokea. Kuna Muiraki alikimbilia Ujerumani, wakampa jina la siri Curveball, akasema Saddam ana maabara za silaha za kibaolojia zinazotembea kwenye malori. Wajerumani wenyewe walishaanza kumtilia shaka, lakini tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akaibeba mpaka Baraza la Usalama na mwezi wa tatu vita ikaanza. Mwaka 2011 jamaa kakiri mwenyewe kwamba alidanganya. Mi naona kesi kubwa ni ya wale waliokuwa wameshaamua kupigana wakawa wanatafuta tu wa kuwaambia ndio.

Mtu wangu humo ndani ya muvi ni Freddy, Muiraki wa kawaida. Ana mguu wa bandia, wa kwake ulibaki vitani na Iran, anakuja mwenyewe kuwaambia askari kuna wakubwa wa jeshi la Saddam wanakutana nyumba ile pale, na malipo yake ya kwanza ni kutupwa chini na kupekuliwa. Taarifa ya kweli pekee tangu muvi ianze inatoka kwa mwenyeji anayetembea kwa miguu! Baadae wanamfanya mkalimani, anabeba maneno ya kila mtu na hakuna anayemuuliza yeye anaitakia nini nchi yake. Kama hujaiona ruka hapa: mwisho anampiga risasi jenerali ambaye Miller anamtaka akiwa hai, na mi siwezi kumlaumu hata kidogo.

Mjomba niliyekuwa naangalia naye, mwalimu mstaafu wa historia, akanambia, "Mjomba, hii si ndo ya Aitken hii?" Kweli kabisa. Novemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia, Jenerali Aitken wa Uingereza kaja Tanga na watu kama 8,000, akiamini Wajerumani watakimbia. Meli yao ya kivita, Fox, ikaingia bandarini tarehe 2 kudai mji usalimu amri, wakapoteza muda kuhofia mabomu ya baharini ambayo hayakuwepo, huku Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, anashusha askari kwa treni kutoka Moshi. Alikuwa na kama 1,000 tu na akawarudisha baharini. Watu wakisimulia wanakimbilia nyuki waliowauma askari, nyuki walikuwepo ndio, lakini Aitken alishaharibikiwa kabla hajakanyaga Raskazone, pale Tanga walikoshukia.

Kukimbizana kwa mwishoni giza tupu na kamera inatikisika mno, hapo siwatetei. Ila natamani sana mtu wetu aitengeneze ya Tanga namna hii, na asiwape stelingi Aitken wala Lettow, ampe mpagazi au askari wa hapahapa.